Ukitoka soba unaenda kulala wapi?

Watu wakishajua nilikuwa teja swali lao la kwanza huwa ni lile lile, uliachaje. Ukweli ni kwamba kuacha niliacha mara nne. Mara mbili nikiwa peke yangu maskani, pale mtaani mateja tunapokutania, nimejifunika boksi, mara mbili ndani ya soba hausi, yaani nyumba ya waraibu wanaoacha dawa za kulevya, na zile tatu za mwanzo zote nilirudi kwenye unga, yaani heroini. Kwa hiyo leo sitaongelea sana kuacha. Nataka niongelee kitu kimoja ambacho nimekiishi sijasimuliwa, kwamba mwanaume asiye na pa kulala ukishamtoa unga mwilini halafu ukamfungulia geti ukamwambia Mungu akutangulie, umempeleka kwa pusha, muuza unga, kwa miguu yake mwenyewe.

Nilianza 2006 nikiwa konda wa daladala hapa Dar, nina miaka 19. Sikuanza na sindano, nilianza na kokteli, yaani bangi unainyunyizia unga kidogo unavuta, na nilijua navuta bangi tu yenye nguvu zaidi. Mpaka siku moja nimeamka nina makamasi, machozi, miayo haiishi, mifupa inauma nikadhani malaria, nikaenda kununua dawa duka la dawa, jamaa wa kijiweni akaniambia we hiyo siyo malaria hiyo ni arosto, mwili unadai unga, akanipa nusu kete, yaani nusu ya kipakiti kidogo cha unga, na ndani ya dakika chache nikawa mzima kabisa. Siku hiyo ndo nilijua. Huo mzigo unakotoka nilikuja kuelezwa miaka mingi baadaye na kaunsela wetu aliyetuchorea ramani ubaoni, Afghanistan huko juu, unashuka mpaka pwani ya Makran, unapakiwa majahazini unavuka bahari mpaka pwani yetu, na sehemu kubwa haikai hapa inapita tu kwenda kwingine. Nilikaa nikaangalia ile ramani muda mrefu. Kinachodondoka njiani ndo kimetumaliza sisi.

2010 niliuza cherehani ya mama. Sitaki kurefusha hapa. Mama alikuwa fundi, ile cherehani ndo ilitusomesha, niliibeba alfajiri akiwa anaswali. Kaka akaniambia nisikanyage tena pale nyumbani, na nawaambia kabisa kaka hakukosea.

Basi nikaanza kulala Kariakoo kwenye kibaraza cha duka. Mchana naokota vyuma chakavu na chupa, jioni napeleka kwenye mzani, nikipata hela inaenda kwenye kete, ikibaki ndo chakula na mara nyingi haibaki. Mlinzi wa lile duka nilikuwa nampa mia tano aniache nilale. Kuna mambo mtu mwenye kitanda hawezi kuyajua. Kwa mfano unalala na viatu na unafunga kamba fundo mbili tatu, kwa sababu ukivua ukiamka havipo. Unalala umekumbatia kiroba chako. Usingizi wenyewe ni wa jicho moja, ukisikia buti unajua ni mgambo unanyanyuka kabla hujajua unaitwa nani. Na masika ndo balaa, kibaraza chote kinakuwa maji mnasimama ukutani usiku kucha mnasubiri adhana ya alfajiri.

Mwaka 2012 ilikuwa sensa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti makarani wakaja na karatasi zao wanahesabu wanaolala nje, na kulikuwa na mtu amevaa sare anawasindikiza. Sisi kuona sare tu tukatimua mbio, mimi nilikimbilia mpaka Jangwani. Kesho yake mlinzi ananiambia walikuwa wanataka kukuhesabu tu. Kwa hiyo mwaka ule nchi nzima imehesabiwa mimi simo. Nilikuwa sijali kipindi hicho, ila baadaye nililikumbuka sana hili jambo.

Soba ya kwanza niliingia 2017. Wengi hamjui ugumu wa kuingia soba kwa mtu wa mtaani. Kwanza ni hela, ile niliyoingia mimi ilikuwa laki mbili kwa mwezi na hiyo ni bei ya huruma maana serikali haizilipii, nyingi zimeanzishwa na waraibu wenyewe waliopona, Zanzibar ndo zilishamiri mapema kisha na huku bara zikafuata. Pili ni fomu. Fomu inataka ndugu, aweke sahihi, aandike namba ya simu na mtaa anaokaa, kwamba huyu kijana akiumwa akizidiwa tumpigie nani. Sasa mimi ningemwandika nani? Jamaa mmoja mwelimishaji rika, yeye mwenyewe teja wa zamani, alikuwa anakuja maskani na bomba safi za sindano na kutupima, akanizoea, siku moja nakohoa damu akaniona. Akanipeleka hospitali nikakutwa na TB. Yeye ndo alinitafutia msamaria wa kulipia na yeye ndo akaweka sahihi sehemu ya ndugu. Mungu ampe maisha marefu.

Ile wiki ya kwanza tunaita ditoksi na pale hakuna dawa, ni maji, uji, panadol na wenzako. Arosto inaanza kama masaa nane mpaka kumi na mbili baada ya kete ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndo kileleni. Unaharisha, unatapika, ngozi inasisimka kama kuku aliyenyonyolewa, miguu inarusha mateke yenyewe huwezi kuizuia. Kulikuwa na mzee mmoja baharia wa zamani kutoka Tanga, naye mraibu ana miezi saba safi, usiku wa pili alikaa miguuni kwangu kwenye stuli akanikanda miguu na mafuta ya nazi mpaka asubuhi, akichoka mkono wa kulia anahamia wa kushoto, haongei. Alfajiri akaangalia miguu yangu vizuri akaona nimevirudisha viatu. Nilikuwa nimevivaa tena katikati ya usiku bila hata kujijua. Na sikuwa kitandani, nilikuwa nimeteremka nimelala chini kwenye sakafu, godoro lilinishinda, lilikuwa laini mno nahisi kama naanguka. Akaniambia, "Mdogo wangu, vua viatu. Hapa ukiibiwa nitakupa vyangu." Nikavua. Ilinichukua kama wiki mbili hivi kuzoea kulala kitandani.

Baada ya wiki mwili unatulia na hapo ndo kazi inaanza, maana kichwa bado. Saa kumi na moja kuamka, usafi, sala kila mtu kwa dini yake, chai, halafu darasa. Tulikuwa tunafuata hatua 12 ambazo asili yake ni walevi wa pombe kule Akron, Ohio, mwaka 1935, zikaja zikachukuliwa na watu wa dawa. Mwanzoni nilikuwa naona ni maneno ya Wazungu haya yanatuhusu nini, lakini mkikaa duara wanaume ishirini na kila mmoja anaongea mabaya yake bila kukatishwa, unasikia mtu anaeleza kitu ambacho wewe ulijua umekifanya peke yako duniani, unalainika. Nililia mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu utoto kwenye ile duara, nikiongelea cherehani.

Dawa za TB ni za miezi sita, nilizianza pale pale. Chakula kikawa kinaingia, nikanenepa, uso ukarudi. Miezi minne ikaisha na msamaria naye uwezo wake uliishia pale. Wakanifanyia mahafali kidogo, soda na pilau, wakanipa nguo mbili na nauli elfu mbili. Meneja ananipa mkono ananiuliza, "Sasa unaelekea wapi?"

Nikamwambia nyumbani. Ningesema nini?

Tulitoka wawili siku ile. Mwenzangu naye hana kwao, alikuwa analala Manzese. Tukapanda daladala moja, yeye akashuka, mimi nikaenda mpaka Kariakoo kwa sababu ndo mji ninaoujua. Nawaambieni ukweli wangu, sikushuka pale nikiwa na hamu ya unga. Nilishuka nina njaa na saa kumi na mbili jioni inaingia na sijui nalala wapi. Nikaenda kwenye kibaraza, mlinzi ni mwingine, ananifukuza. Watu pekee mji mzima walionipokea kwa jina langu na kunisogezea boksi ni wale wa maskani, na wao wanatumia pale pale mbele yangu. Nilikaa nao masaa manne. Usiku huo huo nikachoma sindano.

Bahati yangu niliweka kidogo maana hela sikuwa nayo. Mwenzangu wa Manzese siku ya tatu nikasikia amekutwa amekufa, bomba lipo pembeni. Alikuwa amepiga kile kipimo chake cha zamani. Ndugu zangu hili naomba mlishike na mumwambie yeyote mwenye mtu wake soba au gerezani: mwili ukikaa miezi bila unga unasahau kuuhimili, kipimo kilichokuwa cha kawaida jana kikirudi leo kinazima pumzi. Siku za kwanza baada ya kutoka ndo za hatari kuliko hata siku alizokuwa mtaani anatumia kila siku. Miezi minne ya kazi ya watu, uji, kukandana miguu, duara, ikapotea ndani ya siku tatu kwa sababu ya chumba.

Nikakaa tena mtaani karibu miaka mitatu. Ndani ya miaka hiyo rafiki yangu mmoja aliingia methadoni, dawa ya kunywa ya hospitali inayochukua nafasi ya unga, na hapa niseme kidogo kwa sababu kuna ugomvi usio na maana kati ya watu wa soba na watu wa methadoni. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011 na sasa kliniki zimeongezeka mikoani, ni bure, unakunywa kikombe mbele ya nesi kila siku na inakushikilia siku nzima na zaidi bila arosto. Watu wa soba wengi wanasema yule hajaacha, amehamia dawa nyingine. Mimi nimemwona jamaa yangu amerudi kazini, haibi, hajidungi, sasa unataka nini kingine? Ila na yeye alikwama pale pale nilipokwama mimi. Kila siku nauli ya kwenda na kurudi, Jumapili ipo, sikukuu ipo, mvua ipo. Na alipoanza dawa za TB akaanza kusikia arosto tena akadhani wamempunguzia dozi kwa makusudi, kumbe moja ya dawa za TB, ile inayogeuza mkojo rangi ya chungwa, inaimaliza methadoni mwilini haraka, mpaka daktari apandishe kipimo. Alirudia unga karibu mwezi kabla hajamweleza nesi. Kama alikuwa na mtu wa kulala naye chumba kimoja angeonekana mapema.

Soba ya pili niliingia mwishoni mwa 2020. Sikuwa mtu mpya pale, arosto ilikuwa ile ile, duara lile lile. Tofauti ilikuwa meneja. Wiki ya pili tu, nikiwa bado natetemeka, akaniita akaniuliza, "Siku ukitoka hapa utalala wapi?" Nikamwambia bro mi sina kwetu. Akaandika kwenye daftari. Hakunihubiria. Akasema basi hiyo ndo kazi yetu mimi na wewe, tuna miezi sita, tuanze leo.

Yule mtu alienda kwa kaka yangu mara tatu. Mara ya kwanza kaka hakufungua mlango. Mara ya pili waliongea mlangoni wamesimama. Mara ya tatu wakakaa barazani na mama akatoka akasikiliza akarudi ndani. Jibu la kaka lilikuwa hili, "Hapa hatakaa. Lakini jina langu liandikeni kwenye fomu." Kuna watu nikiwasimulia wanasema kaka ana roho mbaya. Jamani, mimi nilivyoambiwa nilienda chooni nikafunga mlango nikakaa humo muda mrefu. Miaka kumi sikuwa na jina la kuandika pale.

Nyuma ya ile soba walikuwa wamepanga nyumba nyingine ya vyumba vitatu, wanaiita nyumba ya pili. Ukimaliza miezi sita na huna kwenu hutolewi, unahamia pale na wenzako sita, unatafuta kibarua, unachangia elfu moja na mia tano kwa siku ukipata, jioni mnakutana duara, ukichelewa kurudi unatafutwa kwa simu. Hakuna dawa pale, hakuna daktari. Ni kitanda na watu wanaojua saa unayotakiwa kurudi. Nimeishi pale miezi tisa.

Kabla sijahamia huko walinipa kazi ya jiko. Siku moja mpishi kasafiri kwa msiba, meneja akaja akanikabidhi funguo za stoo. Mchele gunia, sukari, dumu la mafuta, vyote vinauzika na mimi najua pa kuuza mpaka leo. Nikamwambia bro usinipe mimi hizi. Akasema nimeshakupa, akaondoka. Usiku sikulala, nilizifunga na kamba ya kiatu nikazivaa shingoni, kila saa nashika kuona zipo. Asubuhi nikapima mchele kilo nne kama daftari linavyosema, nikarudishia kikombe kwenye gunia, nikafunga. Siku kumi na moja nilikaa nazo, na gunia likatoka sawa na daftari.

Kwenye nyumba ya pili ndo nilijifunza kuchomelea, mageti na madirisha, fundi wa jirani alinikubali kwa mdomo wa meneja. Vyuma nilikuwa navijua tayari, nimeviokota miaka saba. Kuna siku nilirilapsi, yaani nilirudia unga? Hapana, ila kuna siku nilifika mpaka stendi nina hela ya wiki mfukoni, simu ikaita, mwenzangu wa chumba ananiuliza leo zamu yako ya kupika mbona moto haujawashwa. Nikageuka nikarudi kupika. Sina maelezo mengine zaidi ya hayo.

Kwa wale wanaotaka kusaidia, mfadhili, msikiti, kanisa, halmashauri, au familia tu yenye uwezo, huwa nawaombeni hivi. Mkilipia mtu soba miezi minne, wekeni na hela ya kitanda baada ya hapo, hata kama ni kwa kupunguza idadi ya mnaowalipia. Najua inauma kumwacha mtu nje ya geti ili mwingine akae zaidi. Lakini nimemzika mwenzangu wa Manzese, tulikuwa watu sita kaburini na wanne kati yetu tulikuwa tumelewa. Na meneja wa soba, swali la atalala wapi liulize wiki ya pili, usiliulize getini.

Mwanzoni mwa 2022 tulitoka nyumba ya pili watu watatu tukatafuta chumba Mbagala. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kama kawaida ya Dar na anataka kujua tunatokea wapi. Tulijadiliana tumdanganye, yule mkubwa wetu akasema hapana tukianza na uongo tutaishia na uongo. Tukamweleza. Mama wa watu akanyamaza, akasema mdogo wake alikufa kwa hiyo hiyo. Akachukua ya miezi mitatu. Mjumbe naye akatuandikia barua ya serikali ya mtaa, majina matatu, na kwa barua ile nikaenda kuanza kushughulikia kitambulisho changu cha taifa nikiwa na miaka 35.

Mama nimeonana naye mara mbili. Cherehani bado sijamlipa, naweka akiba, zinazofanana na ile siku hizi ni ghali na mimi nataka ile ile ya chuma nyeusi ya miguu, siyo ya umeme.

Agosti mwaka ule ikaja sensa tena. Dada mmoja mdogo tu akabisha hodi, kishikwambi mkononi, mimi ndo nilikuwepo, wenzangu wako kazini. Nikamkaribisha kiti, akasema hapana kaka mlangoni panatosha, maswali ni mengi. Akaanza kwa kuniuliza nani walilala humu usiku wa kuamkia tarehe 23. Nikamtajia majina matatu, nikaanza na langu.